Daktari wa Haja Ndogo

Simu inalia saa tisa usiku. Ni Priyesh, daktari wa zamu:
"Mzee wa miaka sabini na minane, hajakojoa tangu asubuhi.
Nimejaribu mpira mara mbili. Hauingii."
Nakuja, namwambia, na mguu ushaanza kupapasa kiatu gizani.

Stoke imelala chini ya manyunyu.
Napita matanuri ya zamani ya vyungu, yale yenye umbo la chupa,
yaliyopoa miaka mingi, yamesimama kama watu
waliosahau walichokuja kuuliza.

Mzee Colclough ameng'ang'ania chuma cha kitanda.
Tumbo limetuna chini ya kitovu;
ukiligonga linaitika kama tikiti lililoiva.
"Ni mabomba yangu, bata," ananiambia.
Bata: ndivyo wanavyomwita kila mtu hapa,
mpenzi, mgeni, dereva wa basi.
Na mabomba, basi, mabomba.
Miaka ishirini na miwili katika kazi hii, sijasikia mwanamume
akikitaja kitu kwa jina lake kabla ya swali la tatu.
Huku chini. Kule. Unajua, daktari.
Najua.

Kamera nyembamba kama unyasi, waya, subira.
Tezi imebana njia kama ngumi iliyofumbata shilingi.
Nasukuma kidogo, nangoja. Kazi hii haitaki nguvu;
anayelazimisha hutoboa.
Kisha ule mlio, mkojo ukigonga mfuko wa plastiki,
lita nzima, na robo, na bado.
Mzee analia. Si kwa maumivu.
Anasema alikuwa akichora mawaridi kwenye vikombe,
miaka arobaini, brashi ya nywele tatu,
na kwamba mkono wangu hautetemeki.
Hajui kuwa hiyo ndiyo sifa pekee nitakayoibeba nyumbani wiki hii.

Maana wiki ilikuwa na mengine.
Jumatatu, jiwe la figo nililolisaga kwa leza likawa unga,
na mama wa watoto watatu akiniapia
kwamba uchungu wa uzazi ulikuwa mchezo.
Jumanne, glavu, kidole, "geukia ukutani", hesabu hadi tano.
Jumatano, dakika kumi na tano za kumwambia mtu neno moja,
naye akauliza maegesho yanalipiwa wapi.

Mama yangu, Korogwe, huwaambia majirani mimi ni daktari wa figo.
Figo ina heshima. Figo waweza kuitaja mbele ya wakwe.
Simlaumu. Baba alikuwa akitoka nje na tochi
mara tano, mara sita kila usiku,
nami kitandani, nikisikia komeo,
nikajiona salama: Baba analinda nyumba.
Mficha maradhi, watu husema,
lakini sisi sote tulimsaidia kuficha.
Alipofikishwa Bombo, hizo figo zenye heshima
zilikuwa zimekwisha.

Kunapambazuka shingo upande.
Naandika kwenye faili: lita moja na nusu, rangi ya chai ya rangi.
Priyesh ananiletea chapati za oti za hapa kwao,
zimekunjiwa jibini, bado za moto,
anauliza kama nitamfundisha ule waya.
Nitakufundisha. Keti kwanza, ule.

Ndipo ninapokumbuka, mdomo umejaa,
kwamba tangu saa mbili jana usiku
mimi mwenyewe sijaenda.
Napita ujia mbio mbio, magoti yamegusana,
nampungia Mzee Colclough aliyelala kinywa wazi,
nafunga mlango.
Nasikiliza.