Theluji ya Juni

Mimi ni mwalimu wa jiografia.
Somo hili nimepewa kwa sababu projekta iko chumbani kwangu
na kwa sababu hapa Osh hakuna mwingine aliyelitaka.

Naiwasha. Ukutani nyumba inaungua.
Chini yake maneno: Jana usiku. Mtaa wetu. Ni wao.
"Nani hajaiona?"
Hakuna mkono.
Vijana ishirini na sita: Wakirgizi upande wa dirisha,
Wauzbeki upande wa mlango.
Sikuwapanga mimi. Wamejitenga wenyewe
kama mafuta na maji chupa moja.

Siwaambii kwamba picha ni ya uongo.
Nasema: leo tunasoma mahali.
Kivuli kinalala wapi? Mwezi gani huu?
"Juni," wanajibu, nusu wamenuna.
Nje forosadi zimepukutika
hadi ua wa shule umegeuka zambarau.

Kimya kirefu. Kisha Ulmas,
ambaye tangu Septemba hajanyoosha kidole,
anasema kama anayeomba radhi:
"Paa lina theluji."

Na kweli. Utepe mweupe, mwembamba kama ukucha,
pembeni, moto haujaufikia.
Kiti kinaburutwa. Mmoja anasogea asome namba ya gari:
herufi si zetu. Mwingine anagusa ukuta,
kidole kwenye nguzo ya umeme, "Hizi hatuna!"
Sasa wote wako mbele, bega kwa bega,
wanagombania kuona.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini Aizirek hajainuka.
"Mimi niliituma," anaiambia meza. "Kwa watu arobaini na mmoja.
Bibi amefunga furushi: mkate, vyeti, dawa ya presha.
Analala na viatu miguuni."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga.
Walimpima kwa miguu yake.
Hawakumwona akipanda kidole cha msichana mwema
aliyetaka tu kuwaonya shangazi zake.

Nami nawaza komeo langu.
Mwaka ule hatukuwa hata na picha,
ilikuwa sauti tu, nyuma ya ukuta: Wanakuja.
Mavluda, jirani yangu, akagonga mara tatu.
Nikazima taa.
Yu hai; anaoka mikate mtaa wa tatu.
Miaka yote hii napita njia ya mbali kununua mkate wa wengine.
Hili sijalifundisha.

"Niandike nini?" Aizirek anauliza.
Hakuna mwenye jibu zuri. Anajaribu, anafuta, anajaribu:
Nilikosea. Tazameni paa.
Anatuma kwa wa kwanza. Anajibiwa kwa tusi.
Ulmas anavuta kiti, anashika orodha,
anamsomea jina linalofuata.

Kengele inalia, wamefika wa tisa.
Hawasimami.
Mimi nazima projekta, ukuta unabaki mweupe,
na nahesabu wangu:
mmoja tu.