Daftari la Kiborloni

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema.
Hawakuwahi kupita kwangu Kiborloni
Jumapili jioni, wagumu wamejipanga
foleni inayoanzia kwa muuza dagaa,
kila mmoja na namba ya mguu wake mdomoni.

Hapa stara inakodishwa kwa siku saba.
Koti la manyoya ya bata, bega limefifia.
Buti namba arubaini na tatu:
soli niliibandika kwa gundi mara mbili,
mara ya tatu nikachoka kubembeleza,
nikaishona kwa uzi wa nyavu.
Taa za kichwa. Betri ujinunulie.

Yote naandika katika daftari la mistari.
Ndetaramo wa Uru: hema moja, vigingi kumi na vinne.
Kaanaeli: mfuko wa kulalia, ule usioshika joto miguuni
(nimemwambia; amesema ana soksi za shemeji).
Zebedayo hana rehani, ameacha saa ya marehemu babake.
Saa yenyewe imesimama.
Nimeipokea.

Mimi geti la Machame sijalivuka.
Mlima naujua kwa uchafu wake:
tope jeusi la msituni hung'ang'ania zipu,
vumbi la Shira hupenya hadi ndani ya mshono,
na lile jivu la juu kabisa, laini kama unga wa ulezi,
nikikung'uta koti linanipaka uso,
napiga chafya ya mita elfu tano
nikiwa nimesimama mlangoni na kandambili.

Machi, mvua za kwanza, hema lilirudi limepasuka.
Jiwe lina namna yake ya kuchana, na kijiti kina yake.
Hili lilikuwa la kisu, tena kutokea ndani,
mkato mmoja, kiunoni hadi paa.
Nikamtazama Ndetaramo. Yeye akatazama cherehani.
"Jiko lilianguka," akasema.
Basi.
Nyusi hakuwa nazo.

Nikamwaga mfuko sakafuni, nikahesabu vigingi,
maana mkono ukizoea kuhesabu hauulizi kichwa.
Kumi na vinne.
Mtu ametoka motoni usiku, kwenye mvua,
akapiga magoti kwenye tope
kung'oa vigingi vyangu, kimoja kimoja.

Deni sikuliandika.
Nilikata kitenge changu cha njano, cha kuku na vifaranga,
nilichokuwa nakiwekea ubarikio wa mtoto,
nikakilaza juu ya jeraha, nikakanyaga cherehani
mpaka umeme wa jirani ukazimwa.
Mshono nikausugua kwa nta ya mshumaa.

Sasa naambiwa kule Karanga,
wanakochota maji ya mwisho kabla ya Barafu,
ukungu ukishuka mtu hasikiki akiuliza namba ya hema.
Wanaitana: "La kuku liko wapi?"
Ni hema la wanne. Wanalala saba.
Wanaapa lina joto kuliko mengine.
Si kweli, kitambaa ni kilekile,
lakini uongo huo unalipiwa, nami naula.

Alfajiri nikifungua kufuli, Kibo akiwa hajajifunika wingu,
nasimama kidogo na kikombe changu.
Siwaoni, bila shaka.
Ila najua kuku wangu wako huko,
wanadonoa theluji.

Haya, kijana, safari ya kwanza? Jina la babu pia.
Weka sahihi hapa, siyo hapo, hapo ni pa Kaanaeli.
Zipu ya kushoto hukwama: usiivute kwa hasira,
ipake sabuni, itakusikia.
Vigingi ni kumi na vinne.
Ukivipoteza, umevipoteza; rudi wewe.
Na jiko usiliingize ndani, hata mvua ikinyesha.
Hasa ikinyesha.