Cha Kwanza

Cha presha kilimvimbisha miguu,
makubadhi ya Idi yakamkataa.
Kikaja cha kutoa maji:
miguu ikanywea, usiku msalani mara sita.
Kikaja cha kuzuia mkojo:
ulimi ukakauka kama kifuu,
na sasa Bi Barke ananiita Zuhura,
bintiye aliyezikwa Mambrui.

Jana daktari kaandika cha kumbukumbu.

Mimi mfagiaji tu, nyumba ya wazee, Barani, Malindi.
Dawa sikusomea. Nimesomea sahani:
asubuhi vidonge vyazidi mbaazi.

Lakini nimemuuliza nesi Kadzo,
nikishika fagio ili mikono isitetemeke:
tukirudi nyuma, kimoja baada ya kimoja,
hatutamkuta Bi Barke amekaa kibarazani,
miguu imemvimba kidogo,
akinigombeza kwa jina langu?