Saa Nne, Getini

Msimamizi, Bwana Kileo, hakuniuliza
kama vidole vyangu bado vinaijua kazi.
Alitazama kifua changu, akatazama daftari,
akauliza: "Mtoto utamwacha na nani?"

Miaka sita nimechambua buni katika ghala lile.
Iliyotobolewa na mdudu naijua kwa kuigusa,
iliyochacha naijua kwa pua, macho nimefumba.
Hayo hakuyauliza.
Nikasema, "Yupo mtu."
Hakuwepo mtu.

Mama alinipikia mtori siku arobaini
kisha akapanda Kibosho; ng'ombe hawana likizo.
Baba wa mtoto yuko Mererani, chini ya ardhi,
anatafuta jiwe la buluu.
Akilipata, alisema, atapiga.
Nami simu naichaji kila usiku
kama mtu anayemwagilia mgomba uliokwisha kukatwa.

Mtu alipatikana Jumapili jioni, bombani, Njoro:
Bi Nakijwa, muuza dagaa, mjane wa fundi baiskeli.
Alimpokea Haikaeli kabla sijamaliza sentensi,
akampima uzito kwa mkono mmoja,
ndoo ikijaa kwenye ule mwingine.
Nikauliza bei.
Akataja ndogo, akanyamaza, akaipunguza mwenyewe.
(Mpare akijipunguzia bei, we usiulize tena.
Nenda nyumbani ukalie.)

Basi Jumatatu.
Vumbi la maganda, mashine zikikoroma,
wanawake safu kwa safu, khanga vichwani,
kila mmoja na ungo wake, na ndoo yake,
maana tunalipwa kwa kilo, si kwa jasho.
Maziwa hayaitazami saa ya ukutani.
Yana saa yake.
Saa nne kasoro blauzi ikaanza kulowa,
nikakimbia getini, nikipishana na magunia,
na Bi Nakijwa yuko pale, ananuka dagaa na sabuni,
mtoto mgongoni, amekasirika kama diwani.

Dakika ishirini.
Nilizihesabu zikidondoka kutoka kwenye mshahara,
punje kwa punje, huku ananyonya
na kunishika kidole asikiachie.

Niliporudi, ndoo yangu ilikuwa imepanda.
Nikadhani nimekosea.
Jumanne nikaiwekea alama, kwa ukucha, ndani.
Buni ilikuwa juu ya alama.
Jumatano sikwenda moja kwa moja.
Nilisimama nyuma ya nguzo, nikachungulia.

Eliaichi.
Eliaichi Temu, ambaye tuligombania kiti cha dirishani
mwaka ule wa mvua nyingi,
na tangu hapo salamu yake kwangu ni kikohozi.
Alichota kutoka ndoo yake, viganja viwili,
akamwaga katika yangu,
polepole, isipige kelele.
Akachota tena.

Nilikaa. Nilichambua. Koo limekauka.
"Nitakurudishia," nikasema, "mwisho wa mwezi."
Hakuinua uso.
"Kahawa haina jina. Chambua."
Halafu, baada ya muda mrefu,
mashine moja ilipozimwa na nyingine haijawashwa:
"Mimi wa kwangu niliyakamulia chooni.
Nikavuta maji."

Basi. Hakuongeza.
Mashine ikawaka.

Ijumaa, kwenye mizani, Bwana Kileo
aliandika kilo zangu, akaona si haba,
akauliza tena, safari hii kwa upole kidogo,
kalamu sikioni: "Kwani mtoto unamwacha na nani?"

Nikageuka kulia, penye kikohozi.
Nikatazama getini, penye harufu ya dagaa.
Nikafungua mdomo
na sikujua nianze na yupi.

Kiti cha dirishani bado ni chake.
Bado ananikoholea.
Na jana usiku, nikimfunika mtoto,
nilikumbuka kwamba simu imezimika tangu Jumatano.
Nikalala.