Mizani ya Sufu

Kiwanda cha sufu kilipofungwa pale Karakol,
badala ya kiinua mgongo nilipewa mizani hii.
Leo nimeiweka sakafuni, katikati ya vitu vilivyotapakaa,
inipimie kitakachoniinamisha.

Mabuti kwanza. Mabuti hayana mjadala.
Nimeyavaa wiki tatu humu ndani,
nimekaanga boorsok nikiwa nayo, nimepokea wageni nikiwa nayo,
mpaka mkwe wangu Nurzat akauliza kama kuna vita.
Heri anicheke yeye sebuleni
kuliko nilizwe na malengelenge kule juu
ambako wa kunisikiliza ni mawe.

Soksi jozi tatu: moja mguuni, moja ikauke,
moja ya kulalia, na hiyo haionji tope hata dunia ipinduke.
Za sufu zote. Pamba ikishakunywa maji haitemi.
Hili sikulisoma mahali. Miaka ishirini na minane
nimeishika sufu mbichi kwa mikono hii:
hata ikilowa chepechepe hutunza joto,
kama mama aliyekukasirikia
na bado akakuwekea chakula.

Koti la mvua, gramu mia nne na kumi. Liingie.
Fuko la kulalia la marehemu Satkyn,
kilo mbili na nusu, na tumbaku yake ingali humo.
Nikalitia. Nikalitoa. Nikalitia.
Mshale wa mizani haujui ujane.
Nimeazima jepesi kwa jirani.

Anarkul amekaa mkabala, kisu mkononi.
Amekata mpini wa mswaki wake, umebaki kidole kimoja.
"Gramu sita!" anasema, kama aliyeokota pete.
Amekata kingo za ramani, amekata lebo za nguo.
Nikamwambia, basi kata na kucha.
Akazikata.

Lakini ana haki. Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba kikijaa, kuna mgongo utakaokibeba.
Nilipochambua shanta langu nikaona
nusu ya mzigo inaitwa *huenda*.
Huenda wafugaji wakatukaribisha, gauni.
Huenda usingizi ukagoma, riwaya yenye jalada gumu.
Huenda mvua, huenda jua, huenda mkutano.
Nikazitoa huenda zote, nikabakiza mbili:
filimbi, na kibiriti cha pili ndani ya nailoni.

Kilo kumi na gramu mia mbili.
Anarkul, kilo tisa na nusu, kichwa juu.

Siku ya tatu, chini ya kipito, theluji ikiwa bado kwenye mianya,
kila mmoja akalia na lake.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema;
tukabadilishana mashanta tuone.
Hatua mia mbili, labda. Kisha, bila neno,
kila mtu akarudia kwake.

Jioni upepo ukalala. Tukapiga hema nyuma ya miti ya archa,
jiko la gesi likanguruma, supu ikachemka
na nyama kavu, na viazi viwili nilivyovipigania.
Nikasema, nipe kijiko.
Anarkul akasema, nipe wewe.

Tukatazamana.
Yeye alitegemea changu, mimi nilitegemea chake.
Tukakung'uta mashanta yote mawili hadi mishono.
Dira ipo. Uzi na sindano vipo. Plasta, tele.

Tukala kwa kifuniko cha sufuria, kwa zamu,
midomo ikiungua, pua zikitoka makamasi,
na katikati ya zamu yake Anarkul akasita,
akaniangalia kama aliyekumbuka mtoto sokoni:
ule mpini wa mswaki
ungetosha kuchoma kiazi.

Uko Karakol, sakafuni,
kando ya mizani.