Jina la Mwajiri

Fomu ilikuwa na kisanduku
kirefu kuliko jina langu:
JINA LA MWAJIRI.
Nikakiacha kitupu, nikajikuna kichwa kwa kalamu ya ofisi,
iliyofungwa uzi mezani tusije tukaondoka nayo.

Machomanne, saa mbili asubuhi, foleni imefika ngazini.
Mbele yangu msichana, vyeti vinne ndani ya bahasha ya kaki.
Nyuma yangu Mzee Shaame, kashika kofia yake
kama mtu aliyekuja kuposa.
Mie sina bahasha.
Nina miaka kumi na moja ya mashuka ya watu
katika hoteli ya Kiwengwa iliyofunga milango Jumatano moja
ikatulipa nusu.

Dirisha la tatu. Bi Raya Ussi, miwani puani.
"Ujuzi?"
Sina, bibi. Niandikie barua tu, nikaombe ulinzi.
"Huko ulikuwa ukifanya nini?"
Nafua.
"Kufua tu?"
Kufua tu.

Akaninyooshea mkono wa gauni, umetapakaa wino.
"Na hili?"

Ulimi ukatangulia akili:
Usitie maji moto, utalipika likomae.
Maziwa ya mgando, lilaze usiku kucha,
asubuhi ndimu na chumvi, kisha juani.
Damu ni maji baridi. Manjano ya mchuzi
yaachie jua, halina mshahara lakini halikosi kazini.
Hina ni sabuni ya mche na subira.
Utomvu wa ndizi hautoki,
na anayekwambia unatoka anataka pesa yako.

Foleni ikaguna.
Yeye anaandika. Anageuza karatasi, anaandika.
Kisha akanisomea ujuzi wangu,
nami sikumjua mtu huyo.

Usidhani mlango ulifunguka hapo.
Wiki tatu za mafunzo kwenye viti vya skuli ya watoto,
magoti yamekaribia kidevu.
Mkopo: rudi Jumatatu, afisa kasafiri.
Rudi Alkhamisi, mtandao hakuna.
Mke wangu akauliza kama ofisi ile
inaajiri watu wa kwenda na kurudi.
Ulipotoka, ulitoka nusu (nusu na mie tunajuana).
Mapipa mawili, kamba, pasi ya mkaa,
maana umeme wa Wawi una tabia zake.

Mwezi wa kwanza nikampelekea daftari, kifua mbele.
Sabuni. Mkaa. Maji. Nauli ya kupelekea nguo.
Chini kabisa, faida, nimeipigia mistari miwili.
Akapitisha kidole, akasimama.
"Mikono yako umeiweka wapi?"
Bibi?
"Sabuni imelipwa, mkaa umelipwa,
mwenye gari la punda kalipwa. Nani kafua?"

Miaka kumi na moja
na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tukaandika upya. Ikawa hasara, elfu nne na mia tano.
"Afadhali hii," akasema, "hii ni yako kweli.
Sasa tuipandishe bei ya kanzu."

Msikitini wakanuna. Bwana mmoja akahama kabisa,
akarudi baada ya Idi na doa la pilau
lililopigwa pasi juu yake likaungua.
Hakusema kitu. Nami nikalipokea
bila kusema kitu, kwa bei mpya.

Leo nimeitwa kwa fomu ya pili, ya kufuatilia.
Mzee Shaame nimemkuta tena ngazini, kofia mkononi,
hatukutazamana sana.
Kisanduku kiko pale pale, urefu ule ule,
kalamu mpya, uzi wa zamani.
Nimeandika: Khatib Mbwana Faki.

Bi Raya kauliza mbona kwa penseli.
Nimemwonyesha dirisha.
Masika hayajaisha, bibi,
na kanzu kumi na tisa zimetundikwa chumbani kwangu
hazijakauka.