Daftari la Madeni, Nyawera

Mashine yangu imezeeka, hukohoa kabla ya kutoa ukurasa,
nami nimekaa nayo hapa Nyawera miaka kumi na saba
nikizalisha mawakili.
Usicheke. Kila avoka unayemwona akipanda ngazi za mahakama,
toga ikimpepea mgongoni kama kunguru aliyeshiba,
alipita kwanza kwenye kioo changu, uso chini,
kurasa mbili kwa karatasi moja, kubana matumizi.

Nina daftari. Wenye uwezo hulipa, wengine huandikwa.
Bisimwa, Sheria ya Familia, kurasa tisini.
Nshobole, Jinai, kalipa nusu, nusu kaiahidi kwa jina la Bikira.
Nilidhani nimeshayaandika majina yote ya jimbo hili.

Mwezi wa mvua akaingia binti mfupi, viatu kavivua mlangoni
(nani huvua viatu kwenye fotokopi?),
akaomba Sheria ya Ardhi, kurasa mia mbili na kumi na mbili.
"Jina?"
"Sikujua."
"Hukujua nini?"
"Ndilo jina."

Mengine aliyatoa kidogo kidogo, kadiri mashine ilivyotema.
Baba yake, Mutwa wa msitu kule juu ya Kalehe,
aliletewa karatasi na wino wa zambarau.
Kidole hapa. Akaweka kidole.
Kulipokucha msitu ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si yeye.
Mbele ya hakimu alisema neno moja tu, sikujua,
na hakimu, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi,
akamjibu kwamba mbele ya sheria hakuna asiyejua.
Mkalimani alikuwa ameenda kula.
Mtoto alizaliwa juma lile.

Chuoni walimwachia benchi zima.
Mmoja alimwuliza kama kwao wanakulaga na kijiko.
Profesa aliliita jina lake, akatabasamu,
na ukumbi wote ukatabasamu naye, watu mia nne.
Swali lilipokuja alilijibu. Kifungu, aya, mwaka.
Sikuwepo; nilisimuliwa na Nshobole siku aliyoleta nusu yake,
akitazama sakafu.

Umeme ukikatika, jenereta inayobaki ni ya duka la dawa.
Alisomea pale kibarazani, katikati ya wanaokohoa.
Metre Ntakwinja alimpita mara tatu kwa gari.
Mara ya nne alishusha kioo:
"We mtoto, unasomaka fasi ya bagonjwa?"
Akampa ufunguo wa ofisi yake, na miaka baadaye toga yake ya zamani:
"Iyi toga ilishalia mu choo mara mingi kuliko weye. Vaa tu."
Mikono ilimzidi. Nikamkunjia mimi, kwa pini za stepla.

Nisijipake asali. Mara mbili nilitaka kumkatia.
Mtoto wangu aliugua, katriji ikapanda bei,
nikafungua daftari, nikamkuta ameshika ukurasa mzima:
Sikujua, 212.
Sikujua, 90.
Sikujua, 148.
Ukiusoma haraka utadhani ni mtu anajitetea.
Nikalifunga.

Jana alikuja na faranga zimefungwa kwa mpira wa nywele.
Tulihesabu. Zilitimia.
Nikamwambia nenda, mwanangu, yamekwisha.
Hakwenda.
"Risiti."
"Mimi na wewe?"
"Tarehe. Kurasa ngapi. Kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno."
Nikaandika. Akasoma kila mstari, polepole,
akanirudishia karatasi.
"Hujatia sahihi."

Nikatafuta kalamu chini ya mashine, chini ya kikombe cha chai.
Yeye alisimama akingoja, viatu miguuni.